Mtindi uliobaki: uchukulie kama ndimu, si kama maziwa

Mapishi yalitaka kikombe kimoja. Pakiti ilikuwa ya lita moja. Keki ikaokwa, ikaliwa, ikasahaulika, na nyuma ya friji vikabaki vikombe vitatu vya mtindi visivyo na kazi. Wiki ya kwanza unaviona kila ukifungua mlango. Wiki ya pili umeshazoea kuvisogeza pembeni ili uifikie siagi. Wiki ya tatu unafungua pakiti, unanusa, unakunja uso, unamwaga, na nafsi inakusuta.

Nimemwaga mtindi mwingi kwa mtindo huo. Kilichonikwamisha si uhaba wa mapishi, maana mapishi ya mtindi yamejaa tele, ila karibu yote yanataka kikombe kimoja tu, kwa hiyo yanakurudisha palepale. Kilichonikwamisha ni kwamba niliuona mtindi kama maziwa yaliyochacha kidogo, nikawa naupeleka kule maziwa yanakokwenda: kwenye chai, kwenye sosi nyeupe, kwenye supu inayotokota. Kote huko ulikatika, nikaaibika. Siku nilipoanza kuutumia kama ninavyotumia ndimu, yaani kitu kichachu ambacho kwa bahati njema kina protini na sukari ya maziwa ndani yake, pakiti zikaanza kuisha kabla ya tarehe.

Kwa hiyo tuanze na huo uchachu: umetoka wapi, ni mwingi kiasi gani, na unafanya nini ukikutana na soda, na nyama, na moto.

Jina moja, vinywaji viwili

Neno mtindi linabeba zaidi ya kitu kimoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kwa asili ni yale maziwa yanayobaki baada ya krimu kusukwasukwa mpaka siagi ikajitenga. Siagi huondoka na karibu mafuta yote. Kinachobaki ni maji, protini, sukari ya maziwa, na vipande vya ile ngozi nyembamba iliyokuwa imefunika kila tone la mafuta kabla halijapasuka. Ngozi hiyo ina lesithini, kitu kilekile kinachokifanya kiini cha yai kishikanishe mafuta na siki. Mtindi wa namna hii ni mwepesi, na uchachu wake hutegemea kama krimu iliachwa ichachuke kabla ya kusukwa. Kama ilisukwa ikiwa bado mbichi, unaweza kuwa hauna uchachu kabisa.

Mtindi mwingi wa pakiti haujawahi kukutana na siagi. Ni maziwa, aghalabu yaliyopunguzwa mafuta, yaliyopashwa moto kuua vijidudu, kisha yakatiwa bakteria wa kuchachusha, hasa Lactococcus lactis pamoja na jamaa zake wa Leuconostoc, yakaachwa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 22 kwa saa 12 hadi 16. Bakteria hao hula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. Leuconostoc wana kazi nyingine pia: hutengeneza daisetili, ambayo ndiyo harufu tunayoijua kama harufu ya siagi. Kwa hiyo mtindi ambao haukutokana na siagi ndio mara nyingi unaonukia siagi zaidi. Kila nikilikumbuka hilo nacheka.

Yogati ni binamu. Inachachushwa na bakteria wengine wanaopenda joto la nyuzi 40 hadi 45, na hutoka nzito zaidi, bila ile harufu ya siagi. Kwa uchachu zinakaribiana. Ukiizimua yogati kwa maji, robo tatu ya kikombe kwa robo ya maji, itafanya karibu kila kazi iliyoelezwa hapa.

Maziwa yasiyochacha yana pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda) ya karibu 6.7. Mtindi uliokamilika una pH ya 4.5 hivi. Katikati ya namba hizo mbili, kwenye 4.6, protini kuu ya maziwa, kaseini, hupoteza ile chaji ya umeme iliyokuwa ikizifanya chembe zake zisukumane, nazo zikaanza kushikana. Ndiyo maana mtindi ni mzito ingawa hauna mafuta mengi: ni maziwa ambayo tayari yamekwisha kuganda, ila kwa upole. Tutalihitaji jambo hili tukifika kwenye moto.

Kabla ya lolote, onja. Ukisisimua ulimi, endelea. Ukiwa hauna uchachu, kama maziwa ya kawaida, huo ni mtindi wa krimu isiyochacha, na hesabu ya soda inayofuata haitakubali.

Nusu kijiko kwa kikombe

Kazi kubwa kuliko zote ya mtindi jikoni ni kuumua. Bekingi soda ni kemikali moja tu, sodiamu bikabonati. Ikikutana na asidi na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayotoboa vile vishimo unavyoviona ukikata keki. Bila asidi, soda hukaa ndani ya donge ikisubiri joto la oveni, inatoa nusu ya gesi yake, na inaacha mabaki yenye ladha ya sabuni.

Wapishi wana kanuni: nusu kijiko cha chai cha soda kwa kila kikombe cha mtindi. Nilidhani ni desturi tu mpaka nilipokaa na kalamu. Kikombe cha mililita 240 cha mtindi wenye asidi ya laktiki kama asilimia 0.85 kina gramu mbili hivi za asidi. Gramu mbili hizo zinamalizana na soda pungufu kidogo ya gramu mbili, na protini za maziwa nazo hula kidogo juu yake. Nusu kijiko cha chai cha soda ni gramu mbili na kitu. Kumbe kanuni ya kizamani inalingana na kemia karibu barabara. Na gesi inayotoka hapo, kwenye joto la kawaida la chumba, inakaribia nusu lita. Nusu lita ya gesi kutoka kwenye kikombe kimoja na unga wa kubana kwa ncha za vidole!

Sasa bekingi pauda. Hii ni soda ileile ikiwa imeshachanganywa na asidi kavu na wanga wa kuzuia unyevu. Kwa sababu imechanganywa, nguvu yake ni kama robo ya soda tupu: kijiko kimoja cha pauda kinafanya kazi ya robo kijiko cha soda. Shika uwiano huo na unaweza kuingiza mtindi kwenye mapishi yoyote yanayotaka maziwa, bila kungoja mtu akuandikie mapishi mapya. Kwa kila kikombe cha maziwa unachokibadilisha kwa mtindi, weka nusu kijiko cha chai cha soda na punguza vijiko viwili vya pauda. Mapishi yaliyotaka kikombe cha maziwa na vijiko vitatu vya pauda sasa yanataka kikombe cha mtindi, nusu kijiko cha soda, na kijiko kimoja cha pauda. Hicho kimoja usikiondoe. Soda na mtindi huanza kazi papo hapo zikigusana, wakati pauda nyingi za siku hizi hubakiza sehemu ya nguvu zake mpaka zisikie joto. Moja inainua mwanzo, nyingine inasukuma mwisho.

Na kama mapishi yana kijiko kimoja tu cha pauda? Weka robo kijiko cha soda mahali pake na uache. Asidi itakayobaki bila mwenza itakuwa ladha, uchachu mdogo wa kupendeza nyuma ya utamu.

Kosa la upande mmoja ni baya kuliko la upande mwingine. Soda ikipungua, unapata kitu kichachu kidogo, kizito kidogo, chenye ngozi iliyopauka, kwa kuwa asidi huchelewesha kuiva kwa rangi ya kahawia. Kinalika. Soda ikizidi, donge linageuka manjano, ngozi inakuwa nyeusi haraka kabla ya ndani kuiva, na mdomoni unasikia sabuni na chuma. Niliwahi kuoka keki ya namna hiyo kwa ajili ya wageni. Nilikuwa nimesoma "nusu kijiko", mkono ukachukua kijiko kikubwa. Wageni walikuwa watu wenye adabu, wakala kipande kimoja kila mmoja, wakaomba maji.

Nikitaka kumaliza mtindi kwa siku moja, ninaoka mkate wa soda. Gramu 450 za unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha soda, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, mililita 400 za mtindi. Soda lazima ichekechwe pamoja na unga, kwa sababu punje moja isiyovunjika inageuka kuwa doa la kahawia lenye uchungu. Toboa shimo katikati ya unga, mimina karibu mtindi wote kwa mara moja, tanua vidole kama makucha, uzungushe kutoka katikati kwenda nje. Mizunguko michache tu. Utahisi donge likibadilika mkononi: kwanza linanata na ni baridi, kisha ghafla linakuwa jepesi, linavimba, na ukiliinamia karibu utaona matundu madogo yakifunguka juu yake. Hapo gesi imeshaanza kutoka, na kila dakika unayoipoteza ni gesi inayoondoka bure. Usikande. Lifinyange liwe mviringo, likate alama ya msalaba yenye kina ili joto lifike katikati, liingie oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 220. Baada ya robo saa shusha hadi 200, uliache dakika 25 hivi. Likiiva, ukiligonga chini kwa kifundo cha kidole linalia kama kitu chenye uwazi ndani.

Pankeki ni njia ya mtu mvivu, nami ni mmoja wao: kikombe cha unga, kikombe cha mtindi, yai moja, nusu kijiko cha soda, chumvi kidogo, kijiko kikubwa cha siagi iliyoyeyushwa. Koroga mpaka unga mkavu usionekane, basi. Mabonge madogo yaache yalivyo. Anayekoroga mpaka rojo iwe laini anaikaza glutini, ile protini ya ngano inayovutika, na kuifukuza gesi, halafu anashangaa pankeki zake kuwa kama soli.

Mkate wa hamira ni habari nyingine. Hapa mtindi unachukua nafasi ya maji au maziwa, na soda haihitajiki kwa sababu kuumua ni kazi ya hamira. Faida inatoka kwingine: hamira ya mikate haiwezi kula sukari ya maziwa, kwa hiyo sukari hiyo yote inabaki mpaka mwisho, ikaipa ngozi ya mkate rangi nzuri, na protini zinaufanya mkate kuwa laini. Pasha mtindi uwe vuguvugu kwanza. Ukitoka moja kwa moja kwenye friji utailaza hamira.

Kuloweka nyama, na sifa ambazo mtindi hauzistahili

Wengi wanajua kwamba kuku aliyelowekwa kwenye mtindi hutoka laini. Wachache wanataja chumvi, na chumvi ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Chumvi huingia ndani ya nyama, hulegeza protini za misuli, na kuzifanya zishike maji hata zikipigwa na moto. Asidi ya mtindi haiendi mbali. Inafanya kazi zaidi kwenye ngozi ya nje ya nyama. Kinachoufanya mtindi uwe mzuri kuliko ndimu au siki ni upole wake. Ndimu ina asidi nyingi kiasi kwamba ukimsahau kuku humo usiku kucha, nyama ya nje inageuka chaki. Mtindi unakusamehe. Saa nne zinatosha, usiku kucha ni sawa, siku nzima bado inavumilika. Zaidi ya hapo, nyama ya nje huanza kuwa tope.

Kwa kilo moja ya kuku, vikombe viwili vya mtindi na kijiko kimoja kikubwa cha chumvi, pamoja na viungo unavyovipenda. Weka ndani ya friji, kwenye bakuli la kioo au plastiki. Bakuli tupu la aluminiamu linashambuliwa na asidi na kukuachia ladha ya chuma. Kabla ya kuchoma au kukaanga, kung'uta mtindi uliozidi, maana sukari ya maziwa huungua mapema na utaona nyama nyeusi nje ilhali ndani bado ni mbichi. Mtindi uliolowekewa nyama mbichi umwage. Hapo sina huruma nao.

Kwa samaki, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Harufu kali ya samaki inatokana kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo huruka hewani kirahisi. Asidi huigeuza kuwa chumvi isiyoruka, na pua inapumzika. Ndimu hufanya vivyo hivyo, ila mtindi hauivishi nyama laini ya samaki haraka kama ndimu.

Kwa nini unakatika

Turudi kwenye ile 4.6. Watu huuliza kwa nini maziwa hayakatiki kwenye supu na mtindi unakatika. Jibu ni kwamba mtindi umeshaganda tayari. Kaseini yake imeshikana katika wavu mlegevu uliobeba maji ndani. Ukiupasha moto, wavu unajikunja, unabana, unakamua maji nje, na unabaki na chenga nyeupe zinazoelea kwenye maji ya kijani kibichi hafifu. Hakuna kukoroga kutakakozirudisha.

Njia rahisi ya kulikwepa hilo ni kutoupika kabisa. Epua sufuria, subiri mchuzi utulie, chota miiko miwili ya mchuzi wa moto uumimine ndani ya bakuli la mtindi huku unakoroga, kisha mchanganyiko huo ndio urudi kwenye sufuria. Joto linapanda polepole na wavu haushtuki. Ikibidi sosi ichemke, upe mtindi mlinzi: kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano au wanga wa mahindi kwa kikombe, ukikorogwa ndani yake ukiwa bado wa baridi. Wanga ukivimba hujipenyeza kati ya chembe za protini na kuzizuia kukumbatiana. Hata hivyo, moto uwe mdogo.

Viazi vya kuponda ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu havirudi motoni. Chemsha viazi kwenye maji, mwaga maji, virudishe kwenye sufuria ya moto dakika moja vikauke, viponde, tia siagi, kisha mtindi uliopashwa kidogo. Uchachu unakata ule uzito wa viazi na siagi. Angalia tu kwamba umeponda kwanza. Mtindi usiingie viazi vikiwa bado vigumu.

Onyo hilo linagusa maharage na dengu pia, na linastahili aya yake. Kuta za seli za mimea zimeunganishwa na pektini, na pektini huwa ngumu kuyeyuka kwenye maji machachu. Maharage yakikutana na asidi kabla hayajalainika, yanaweza kukaa jikoni mpaka gesi iishe na bado yakagonga meno. Mtindi uingie mwishoni, yakiwa yameshaiva. Mboga za kijani nazo huogopa asidi, kwa sababu nyingine: klorofili hupoteza magnesiamu yake na rangi inageuka kuwa kijani kilichofubaa, karibu na kahawia. Ladha haiharibiki, ila macho hayapendi. Zipakue, kisha mwagia mtindi juu mezani.

Kuna upande wa pili wa kukatika, nao ni kukatika kwa makusudi. Pasha lita moja ya maziwa yenye mafuta yake yote hadi yakaribie kuchemka, mimina kikombe kimoja cha mtindi, koroga mara mbili tatu, uzime moto na usubiri dakika kumi. Maziwa yatagawanyika mbele ya macho yako: mabonge meupe juu, maji angavu chini. Maji yakibaki na weupe wa maziwa, ongeza mtindi kidogo kidogo mpaka yang'ae. Mimina kwenye kitambaa safi kilichotandikwa juu ya chujio, tia chumvi, ning'iniza nusu saa. Hiyo ni jibini laini, ya kupaka kwenye mkate au kuchanganya na mayai ya kuvuruga. Yale maji yaliyochuruzika usiyamwage, kwa kuwa yanafaa kukandia mkate au kuongezea supu. Hii ndiyo njia yangu ninapokuwa na maziwa na mtindi vyote viko ukingoni mwa tarehe, maana matatizo mawili yanatatuliwa ndani ya sufuria moja.

Kungoja bila kuoza

Tarehe kwenye pakiti inaelezea mtindi uliofungwa. Ukishafunguliwa, kwenye friji ya nyuzi 4 unakaa vizuri kama wiki mbili. Asidi yenyewe inaulinda, kwa kuwa bakteria wengi wa kuozesha hawapendi pH ya 4.5. Wanaoipenda ni ukungu na hamira za porini, na hao ndio wa kuwatafuta. Maji kujitenga juu si ubovu, tikisa tu. Uchachu kuongezeka si ubovu pia, ni bakteria wanaendelea na kazi taratibu. Ubovu ni madoa ya kijani, meusi au ya waridi, ni pakiti iliyovimba, ni harufu ya pombe au hamira, ni uchungu badala ya uchachu. Ukiona ukungu usikwangue juu na kutumia wa chini. Kitu chepesi kama mtindi hupenyezwa na nyuzi za ukungu usizoziona.

Kama unajua hutaoka wiki hii, peleka friza leo, usingoje siku ya mwisho. Mimina kwenye trei ya barafu, vijiko vikubwa viwili kwa kila kijishimo, ukiganda hamishia kwenye mfuko. Vipande vinane ni kikombe kimoja, kwa hiyo huhitaji kupima tena. Ukiyeyuka utakuwa umekatika na kuonekana mbaya. Upige kwa uma. Kwa kuokea na kulowekea haujapoteza kitu, lakini kwa kunywa au kwa saladi sahau.

Njia nyingine ni kuuzalisha, na wale wanaokasirishwa na pakiti ya lita moja huwa hawaifikirii, kwa kuwa inaonekana kama kuongeza tatizo. Robo kikombe cha mtindi wenye bakteria hai ukichanganywa na kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa, ukafunikwa na kuachwa mezani saa 12 hadi 24, unakuwa mtindi. Maana yake ni kwamba si lazima ununue pakiti nyingine: weka akiba kidogo, tengeneza kikombe ukikihitaji. Lakini pakiti iwe mpya na iwe imeandikwa kwamba bakteria wake ni hai, maana mtindi uliopashwa moto baada ya kuchachushwa hauwezi kuyachachusha maziwa mengine. Ukirudia kizazi baada ya kizazi, vijidudu vya jikoni vitaingia na ladha itayumba. Hapo anza upya. Krimu nayo inakubali, na matokeo yake nayapenda zaidi: vijiko viwili vikubwa vya mtindi kwa kikombe cha krimu, muda uleule, unapata krimu nzito, chachu kwa mbali, ambayo kwa sababu ya mafuta yake mengi haikatiki ikichemshwa. Kwa ile supu iliyoniaibisha, hicho ndicho kilichotakiwa.

Na kuna yale mabaki ya mwisho kabisa, vijiko vitatu vinne vilivyoganda kwenye kuta za pakiti, ambavyo havitoshi kitu chochote kilichotajwa hapo juu. Usivimimine popote. Ongeza humohumo ndani ya pakiti kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu saumu kilichosagwa, chumvi, pilipili manga na majani mabichi yoyote uliyonayo yaliyokatwa laini. Funga, tikisa kwa nguvu mpaka mkono uchoke, kisha kata kona ya pakiti na umimine juu ya matango.